Bi Kijakazi Aliyesoma Mpira Kwenye Jezi

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Kijakazi Mwatela anastaafu, baada ya miaka ishirini na miwili katika chumba cha kufulia cha uwanja wa michezo wa chuo chetu hapa Dubai.

Alitoka Msambweni, pwani ya Kenya, akaja hapa na kuanza kwa kufua mashuka hotelini. Siku yake ya kwanza kwetu alikuta mashine mbili, moja mbovu. Fundi alipofika mchana, zote mbili zilikuwa zinazunguka.

Wanafunzi walipoanzisha timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa mikononi, alituuliza maswali mpaka tukawa tunamkwepa. Kwa nini wanavaa mabega ya plastiki? Kwa nini wanasimama kila mara? Majibu yetu hayakumridhisha, akaanza kuchunguza jezi kabla ya kuziloweka.

Msimu uliopita kocha Andrew alikata tamaa na mrushaji wake, Bassam. Mkono anao, mpira wake huruka nusu uwanja, lakini kati ya mipira mitano ya mbali, minne iliangukia nyasi tupu. Kocha akaamuru mipira mifupi tu. Timu ikafungwa mechi mbili mfululizo, na katika ya pili Adib, yule anayekimbia na mpira kwapani, akateguka bega.

Jumatatu yake Bi Kijakazi alimpelekea kocha jezi ya Adib, imechanika kifuani.

"Kocha, Bassam alipokuwa akirusha mbali, hii ilirudi na madoa mawili matatu. Sasa tazama. Hao mabeki wote waliomrukia wametoka wapi?"

Kocha aliigeuza jezi mikononi. "Zamani walikaa nyuma, wakichunga mipira ya mbali ya Bassam."

"Hata alipokosa?"

"Hata alipokosa."

"Basi mwache akose, mwanangu."

Mechi ya mwisho ya msimu, bega la Adib likiwa limepona, Bassam alirusha mbali mara sita na kufanikiwa mara moja. Lakini mabeki hawakuthubutu kusogea mbele. Katikati pakabaki wazi, Adib akapita mara tatu hadi mwisho wa uwanja, tukashinda. Vijana walitaka kumbeba Bi Kijakazi juu. Akawaambia wavue kwanza hizo jezi chafu.

Wiki hii ameuliza jipya: mrushaji akijifanya tu kurusha, je, mabeki watarudi nyuma vilevile? Kocha ameomba muda wa kufikiri.

Asante kwa yote, Bi Kijakazi. Ufike Msambweni salama, upumzike kwa afya na furaha, na ukipata jibu kabla yetu, tupigie simu.