Mama Kabichi na Agizo Lake la Mwisho

Marehemu, mama yetu mdogo, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Kabichi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, kitindamimba wa fundi baiskeli na mkewe aliyelima bustani nyuma ya nyumba. Kabla hajajua kusoma, alikwishajua jani la kuchuma na jani la kuacha likue.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1966. Alitamani uuguzi, lakini baba aliugua na nyumba ilihitaji mikono. Mwaka 1970 aliajiriwa jikoni katika shule ya bweni ya wasichana. Alianza kwa kumenya viazi, akastaafu mwaka 2012 akiwa mpishi mkuu.

Jina lake alilipatia huko. Msichana mwenye kikohozi alipewa maji ya kitunguu na asali. Mwenye kichefuchefu, tangawizi. Walimu waliojifungua aliwapelekea majani ya kabichi yaliyopoa, ameyalainisha kwa kuviringisha chupa juu yake, wayaweke kwenye matiti yaliyojaa maziwa. Hakujiita mganga, na aliyemwita hivyo alikaripiwa. "Mimi mpishi," alisema. "Mboga inapewa nafasi moja. Ikishindwa, vaa viatu uende hospitali." Wengi wenu mlifukuzwa jikoni kwake kwa maneno hayo, na baadhi mko hai leo kwa sababu mlifukuzwa.

Mwaka 1976 alikuja seremala kutengeneza meza za bwalo, akiwa na kikohozi. Akapewa kitunguu chake. Kikohozi kikaisha, meza zikaisha, seremala hakuacha kuja. Siku moja marehemu akamuuliza mbele ya wapishi wenzake, "Wewe kaka, kikohozi gani hiki kisichosikika barabarani mpaka ufike mlangoni kwangu?"

"Dada, hiki kinataka kitunguu cha maisha."

Wapishi walicheka hadi uji ukaungua. Walifunga ndoa tarehe 8 Oktoba 1977, wakajaliwa watoto watatu. Katika nyumba ile sikuwahi kusikia mlango ukibamizwa kwa hasira.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo baadhi ya ndugu waliomba iondolewe. Kumsitiri marehemu ni jambo jema. Lakini haya si yetu kuyasitiri, maana mwenyewe aliagiza yasomwe.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 marehemu alihisi uvimbe kwenye titi la kushoto. Hakumwambia mtu. Aliweka jani la kabichi. Halikusaidia. Akaweka jingine, na jingine, masika yote, chini ya gauni. Mumewe aliyakuta majani yamenyauka kwenye ndoo ya taka, akamtania, "Mama watoto, nani ananyonyesha humu ndani?"

Marehemu alicheka. Kisha akaketi kitandani, akalia, akamwonyesha.

Asubuhi yake walikuwa hospitali. Daktari hakumkaripia, alisema tu kwamba uvimbe ule ungeonekana mapema, kazi ingekuwa nyepesi. Alifanyiwa upasuaji, akafuata matibabu yote bila kuruka hata moja, na chai yake ya tangawizi pembeni kwa ajili ya kichefuchefu, kwa ruhusa ya daktari.

Lakini saratani ilikuwa imekwisha kusambaa. Mwezi uliopita, alipoona mwili umechoka, alimwita bintiye mkubwa. "Siku mnanizika, msomaji aseme nilijificha nyuma ya kabichi kwa sababu niliogopa."

"Mama, watu watakucheka."

"Wacheke, mwanangu. Wacheke wakiwa njiani kwenda kupimwa."

"Umewahudumia maisha yako yote. Watasema ulikuwa unawadanganya."

"Kabichi haina kosa. Nilijua mpaka wake, nikauvuka. Andika hivyo hivyo, usinipambe."

Binti alikataa kuandika, akatoka nje akilia. Jioni alirudi, akaandika. Nami ninasoma kama alivyoandika, kwa sababu mtu aliyewahimiza wengine waseme kinachowauma hawezi kuzikwa na siri iliyomuua. Woga si aibu. Aibu ni sisi kuujua ukweli huu, tukaufukia pamoja naye, halafu mwakani turudi hapa hapa kumzika mwingine.

Mama yetu mdogo alifariki alfajiri ya Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada yake ambaye ndiye mama yangu mzazi, na mamia ya wasichana wa bweni ambao sasa nao ni mama za watu.

Akina mama na akina dada mliofika: mkunga wa zahanati ameketi safu ya nyuma, mwenye sweta ya kijivu. Marehemu alimwomba aje, na akae mpaka mtu wa mwisho aondoke. Hatamuuliza yeyote jambo mbele za watu. Nanyi akina baba, mkiona wake zenu wamesimama naye, msiwaharakishe.

Mama mdogo, agizo lako limesomwa ulivyotaka. Pumzika kwa amani.