Sweta ya Mwalimu Lyle

Asubuhi moja ya Julai, zamani kabla Kilifi haijapata daraja, manyunyu yakiipiga feri, Mwalimu Lyle alisimama sitahani amejikunyata ndani ya sweta nzito. Alikuwa Mmarekani wa Minesota, jimbo la baridi kali, na miaka sita ya kufundisha katika joto la Magarini ilikuwa imemharibu kabisa. Mama mmoja wa Kigiriama, Kabibi, alimtazama mpaka akashindwa kunyamaza. "Mwanangu, una homa?"

"La, mama. Ni baridi tu." Kwa kuona haya, Lyle akajitetea kwamba kwao ziwa zima huganda likawa barafu hata magari yakapita juu, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akitoboa barafu, akikalia ndoo na kuvua samaki kutwa.

"Ukiwapata?"

"Mara chache."

"Sasa ulikuwa ukifanya nini hapo?"

Lyle alifikiri. Hakuwahi kuulizwa. "Nikistarehe," akasema.

Kabibi akaguna. "Aliyestarehe juu ya barafu hatetemeshwi na manyunyu."

Lyle akaanza kuapa, lakini meno yakagongana katikati ya kiapo. Feri nayo ikagota ng'ambo. Kabibi akavua leso yake ya begani, akamfunika nayo. "Kanywe chai ya moto, mwanangu. Uwongo utaumalizia ukipona."