Kifuniko cha Pijo

Zima redio, Gisa. Uwineza, nisogezee mto, kisha ukae. Sauti ikikatika msinikimbilie na maji, ngojeni nimalize.

Nyumba hii ya Nyamirambo ni yenu wawili, msiigawe kwa ukuta. Lakini Pijo iliyo uani, gari ambalo miaka kumi na moja sijaruhusu mtu aliwashe, ndiyo inayonisemesha leo.

Mnajua mama yenu alivyokufa. Mukankusi alibanwa na kifua, nikampakia, na kabla ya hospitali gari likazima mlimani. Nikafungua kabureta, nikapuliza. Likawaka, likaenda kidogo, likazima tena, mara tatu, hadi mkono wake ukapoa ndani ya wangu. Mjomba wenu Muhire alikuwa ameisafisha kabureta ile jana yake. Nikasema mbele ya watu kwamba amemuua dada yake kwa ufundi wa kubahatisha, nikamfukuza mazishini, nanyi nikawakataza hata kumsalimu. Watu wakaacha kumpelekea magari.

Basi, baada ya arobaini nikaliwasha, likazima vilevile. Nikafungua kifuniko cha tangi, hewa ikaingia kwa mluzi, gari likawaka. Tangi lazima lipumue, bana banjye, wanangu: mafuta yakitoka, hewa iingie, la sivyo mafuta hayaji. Kitundu cha kifuniko nilikiziba mimi, kwa sabuni, kwa sababu mama yenu alisema harufu ya mafuta inamchefua. Mimi, fundi wa miaka thelathini! Kikulacho ki nguoni mwako. Sikulia. Nikakwangua sabuni, nikafunga, nikaenda kula. Tangu hapo sisikii kitu, si huzuni wala furaha. Hata kwenye arusi zenu nilicheka kwa kuwa watu walicheka.

Msimwite Muhire hapa. Aliyetukanwa hadharani hasafishwi chumbani. Jeneza langu likishawekwa msikitini, watu wataulizwa kama marehemu anadaiwa. Gisa, utasimama wewe. Sema kifuniko alikiziba baba, na alijua, akanyamaza. Usiseme mzee alipitiwa; nilijua, wallahi. Wazee wakikuashiria ukae, endelea. Pijo ni ya Muhire, akiikataa msimsihi.

Mungu awape radhi, nami nimewapa zangu. Awape watoto wasio... wasio waongo. Uwineza, acha kulia, mwanangu, nimechoka.

Gisa. Usiangalie chini. Niambie utasema... Gisa, mwanangu... niambie utasema.