Pingu Zikilia, Sisi Tunaondoka

Benchi lenyewe ni ubao mnene uliolazwa juu ya matofali, kichwa chake kimoja kimegusa ukuta wa duka lililofungwa zamani. Linabeba watu wanne, ila anayepata ukuta wa kuegemeza mgongo ni mmoja tu, yule wa mwisho kabisa. Nafasi hiyo inaitwa kiti cha hakimu, na kuna watu wamenuniana mwezi mzima kwa ajili yake. Sheria ya kijiwe ni kwamba kila Jumamosi jioni, siku ya tamthilia ya upelelezi iitwayo Kesi ya Jumamosi, anayefika benchini wa kwanza ndiye anayekikalia kiti hicho na kufungua mjadala, wala haruhusiwi kukatizwa mpaka amalize kikombe chake cha kwanza. Kwa hiyo kila mtu huko kwake hutazama akiwa mguu ndani, mguu nje. Inspekta akishatoa pingu tu, viatu vinavaliwa, mbio za kuelekea kona zinaanza, na kahawa ya watu inakuta watu wanahema.

Jumamosi hii Komeo alifika wa mwisho. Komeo ni mlinzi wa ghala la mbao lililo ng'ambo ya barabara, na jina hilo alipewa kwa sababu akifunga geti lazima alivute, alisukume, kisha alivute tena. Leo miguu ilikuwa mizito kwa sababu moyo ulikuwa umechafuka. Katika tamthilia tajiri mmoja aliuawa ghalani kwake, na aliyetiwa pingu ni nani? Mlinzi. Na asubuhi ya siku hiyohiyo, mama mwenye ghala alikuwa amemwambia huku akicheka, "Komeo, leo usikose kutazama. Mlinzi mwenzako yumo." Kile kicheko kilimchoma. Alianza kumlindia mama yule mali yake wakati mke wa Komeo ana mimba ya kwanza, na sasa mtoto huyo ni mrefu kumpita. Leo anaambiwa akajitazame na pingu mikononi. Mfukoni alikuwa na funguo zote za ghala, na alikwisha kata shauri: jua likizama, mama akiwa anafunga ofisi, atamwekea funguo zake mezani, aage, aondoke na heshima yake.

Kiti cha hakimu kilikuwa na Waziri, kinyozi wa jirani, kitambaa cha kunyolea bado kipo begani. Waziri hajawahi kuwa waziri wa chochote, ila akizungumza utadhani ameapishwa. Pembeni yake alikuwapo Mama Vocha, muuza vocha za simu, na Spoku, fundi baiskeli, vidole vimejaa grisi. Mzee wa Buli, mwenye kahawa, alikuwa anamimina kimya kimya kama kawaida yake.

— Nafungua kesi, alisema Waziri. Juma la juzi, nani alitiwa pingu?

— Dereva, alijibu Mama Vocha.

— Juma lililopita?

— Yaya.

— Na leo mlinzi. Sasa niambieni, umeshaona tajiri hata mmoja na pingu? Umeona mbunge? Hata diwani tu, hata mjumbe wa nyumba mbili?

— Hakuna.

— Hakuna. Uchaguzi huo unakuja, jamani. Wanatufundisha tuogopane sisi kwa sisi. Na Inspekta wao anatembea na nini mkononi, jua liwake mvua inyeshe?

— Mwavuli, alisema Mama Vocha, na macho yakamtoka.

— Nimemaliza.

Ikumbukwe kwamba kwenye uchaguzi huo vyama vikubwa ni viwili, cha Mwavuli na cha Ngazi. Waziri ni mtu wa Ngazi. Spoku ni mtu wa Mwavuli, na kofia yake ya chama hata usingizini haivui. Sheria ilikuwa imemziba mdomo, akabaki anavimba huku anakichungulia kikombe cha Waziri.

— Umemaliza kahawa?

— Kuna tone.

— Hilo tone limekauka tangu jana. Sasa nisikilizeni mimi. Ule mwavuli wa Inspekta una ubavu uliovunjika. Kila juma unaning'inia. Kituo kizima cha televisheni kinakosa hela ya mwavuli mzima? Wanatuambia chama chetu kimevunjika ubavu. Hiyo tamthilia ni yenu nyinyi watu wa Ngazi.

— Yetu sisi? Mlinzi leo kakamatiwa wapi?

— Kwenye ngazi.

— Umejijibu mwenyewe. Anayepanda ngazi anatiwa pingu.

— Kakamatiwa akishuka, Waziri. Nimetazama vizuri. Akishuka.

Hapo benchi lilitikisika, maana wote walisogea mbele kwa pamoja. Komeo naye, pamoja na huzuni yake, alijikuta anajaribu kukumbuka kama yule mlinzi alikuwa anapanda au anashuka. Kahawa ilikuwa kali na moto, na mambo haya yakielezwa na watu wenye uhakika namna hii, damu inachemka.

— Nyinyi wote mnatazama mwavuli na ngazi, alisema Mama Vocha taratibu. Mimi natazama maiti.

— Maiti ana nini?

— Kapepesa. Jicho la kushoto mara mbili, la kulia mara moja. Hiyo ni namba. Kuna watu mahali fulani wamekaa na kalamu wanaipokea.

— Wanaipokea waifanyie nini?

— Ningekuwa najua ningekuwa nakaa hapa na nyinyi?

Spoku alishusha kikombe. Hilo la maiti lilikuwa limempita, na alikuwa anaona wivu waziwazi.

— Tena dada yangu huwa anabaki pale anatazama mpaka basi, akaendelea Mama Vocha. Nikirudi anataka kunieleza, "Unajua yule waliyemkamata..." Namkata hapohapo. Namwambia, wewe siasa huijui, kapike.

— Umefanya vizuri, alisema Waziri. Watu kama hao ndio wanaopotosha wenzao.

Ndipo Komeo akatoa lake. Aliwaeleza kicheko cha asubuhi, na shauri alilokata, na akazitoa funguo mfukoni wazione. Kijiwe kizima kikawa upande wake papo hapo, na kwa kweli alisikia raha. Ni lini mara ya mwisho watu wazima watatu walikaa wakakasirika kwa ajili yake?

— Usiziweke mezani, shemeji, alisema Spoku. Zitupe, zilie.

— Kwanza jiulize, alisema Waziri. Huyo mama alijuaje asubuhi kwamba mlinzi yumo?

— Si matangazo? alisema Komeo. Yameonyesha juma zima.

— Na matangazo ni ya nani?

Hakuna aliyejua matangazo ni ya nani, kwa hiyo hoja ikahesabiwa kuwa imeshinda. Komeo alizibana funguo kiganjani. Raha ilikuwapo, lakini chini yake kulikuwa na woga pia, woga wa kurudi nyumbani na kumwambia mkewe kwamba kazi ameiacha yeye mwenyewe, kwa hiari yake, kwa sababu ya televisheni.

Mara akatokea mwanamke anayetembea haraka, mkanda wa kupimia nguo bado unaning'inia shingoni. Walimjua kwa sura tu, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Hajawahi kusimama kijiweni.

— Hamjambo, jamani. Nasikia mnaongelea Kesi ya Jumamosi.

— Tunaichambua, alisema Waziri.

— Basi nimepata watu. Kwetu umeme umekatika palepale mlinzi anatiwa pingu, nimetoka mbio natafuta wa kunihadithia. Hebu niambieni, mwishoni muuaji alikuwa nani?

Waziri alifungua mdomo. Spoku akaanza kufuta grisi kidole kimoja kimoja, kwa uangalifu ambao wateja wake hawajawahi kuuona. Mama Vocha akatazama simu yake, na simu ilikuwa imezima.

— Mlinzi, alisema Waziri mwishowe, ila sauti haikuwa ya mtu aliyeapishwa.

— Haiwezekani, kaka. Anayekamatwa kwanza huwa siye. Dereva si aliachiwa? Yule yaya si Inspekta alimwomba radhi mbele ya watu? Kwani nyinyi hamkutazama?

— Tumetazama.

— Mpaka mwisho?

Mzee wa Buli aliinua buli lake, akalitikisa, akaliinamisha juu ya kikombe cha Spoku. Halikutoka hata tone.

— Imekwisha, akasema. Ndilo neno pekee alilotamka jioni ile.

Komeo aliinuka, akavuka barabara funguo zikiwa mkononi. Mama mwenye ghala alikuwa ofisini anakusanya vitu vyake, na runinga ndogo iliyo juu ya kabati ilikwisha ingia kwenye taarifa ya habari. Maneno ya kuaga yalikuwa yamejipanga yote kinywani. Alipoyatafuta akakuta limebaki swali moja.

"Mama, leo muuaji alikuwa nani?"

Mama akavua miwani. "Hukuona? Na nilivyokusisitiza?"

"Niliondoka kidogo kabla."

"Basi umekosa uhondo wote. Ni mdogo wake marehemu. Na aliyemnasa wala si Inspekta, ni mlinzi. Yuko na pingu mkononi, anawaambia, mlango wa nyuma haukufungwa na mimi, mimi nikifunga silegezi. Inspekta kabaki mdomo wazi na mwavuli wake ule mbovu. Mimi hapa nimepiga makofi peke yangu kama kichaa. Nikasema, huyo ni Komeo wangu, kavuta, kasukuma, kavuta tena." Akacheka kicheko kilekile cha asubuhi, na safari hii Komeo alikisikia kilivyo. "Mbona umeshika funguo hivyo?"

"Nilikuwa nahakikisha zipo zote."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni, furaha ikaifuata nyuma, na zote mbili hakuwa na pa kuziweka. Alimsindikiza mama mpaka nje, akamtakia usiku mwema mara mbili.

Ng'ambo ya barabara yule mwanamke alikwisha kwenda zake. Kijiwe kilikuwa kimechangamka upya, bila kahawa.

— Mkanda shingoni Jumamosi jioni, alikuwa anasema Spoku. Fundi gani anatembea na mkanda? Yule katumwa.

— Na umeme ukatike mtaa wao tu, alisema Waziri. Mtaa wao peke yake.

— Mnaona sasa, alisema Mama Vocha.

Komeo alivuta geti, akalisukuma, akalivuta tena. Kisha akasimama pale, funguo kiunoni na jina la muuaji mdomoni, akingoja mmoja wao ageuke amuulize. Alingoja mpaka taa za barabarani zikawaka.