Halua ya Kazi ya Fairuz

Baraza yetu iko chini ya dirisha langu, uchochoro wa pili nyuma ya Ngome ya Yesu. Kila siku baada ya sala ya alasiri hukaa hapo watu watatu: ami yangu Badawi, aitwaye Spika kwa sababu hakuna asemaye bila ruhusa yake, Khubaib Waya, fundi wa redio, na Samuel Winchi, aliyeendesha winchi bandarini miaka thelathini na mmoja. Jana niliwasikia neno kwa neno. Nilikuwa ndani na kompyuta, nikiyapitia maombi yangu ya kazi kwa mara ya sita. Mwisho wa kuyatuma ulikuwa saa kumi na moja. Ilikuwa kumi na nusu.

— Mtafiti! akasema ami, akigawa halua kwenye visahani. Mtoto wa marehemu kaka yangu! Ataifundisha kompyuta kusoma picha za mapafu.

— Isome vipi? akauliza Waya.

— Kama weye usomavyo gazeti, ila yenyewe haichezeshi midomo.

— Hiyo naijua, akasema Winchi. Bandarini kuna mashine ya kumulika makontena. Dereva asema mchele, picha yasema pikipiki. Fairuz atatumulika vivyo hivyo.

— Mimi ataniona nimebeba nini?

— Weye Waya? akasema Winchi. Sambusa. Tangu juzi.

— Ngojeni, mambo ya mawimbi ni yangu. Mapafu ni mwanzo tu. Mwakani atapiga picha za fikra. Mtu akija kuposa, amulikwa mlangoni.

— Ingekuwepo zamani, weye hungeoa, akasema ami. Na madaktari wa Ulaya wakikwama, watapiga simu hapa hapa barazani. Mimi ndiye nitakayemwita.

Nilitaka kucheka, lakini ukurasa wa pili wa maombi nilikuwa nimeandika kwamba nimechambua picha 411 za mapafu badala ya 412. Nikarekebisha. Nikaanza tena mwanzo.

Mutanu, karani wa ghala moja huko Shimanzi na mpangaji mpya wa nyumba ya mkabala, akapita akitoka kazini.

— Karibu halua, dada, akasema ami. Mtoto wetu kapata kazi ya utafiti.

— Hongereni! Anaanza lini?

Waya akamtazama Winchi. Winchi akatazama kikombe chake.

— Barua ya kazi haijaja, akasema ami. Itakuja.

— Kwani maombi ameshatuma?

Vichwa vitatu vikainuka kuelekea dirisha langu kwa pamoja.

— Fairuz! Ushatuma?

Saa yangu ilionyesha kumi na dakika hamsini na mbili. Halua ya ratili tatu ilikuwa imebaki nusu, na iliyoliwa ilikuwa imeliwa kwa jina langu. Nikafumba macho, nikabonyeza.

— Nishatuma, ami.

— Lini?

— Sasa hivi.

Ami akamgeukia Mutanu, kifua mbele, akamwongezea kipande.

— Umesikia mwenyewe, dada. Wamebaki wao tu kujibu.