Mlango wa Nguchiro

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama mko jikoni, punguzeni kidogo kelele za vyombo. Jioni hii tunamkumbuka mama ambaye wengi wenu mliichukia sauti yake kabla hamjaiona sura yake. Tumemzika juzi. Mtaani walimwita Bibi Nguchiro.

Nguchiro, kwa waliosahau, ni yule mnyama wa katuni ya watoto. Mchoyo, mwenye kisirani, mdomo hauna breki. Sauti yake ilikuwa ya mama huyu. Kuanzia sehemu ya kwanza hadi ya mwisho, Nguchiro alikuwa yeye.

Alipoingia studio mara ya kwanza, mtayarishaji alimtaka akwaruze koo, atoe sauti ya kutisha. Akakataa. Alisema mchoyo hana sauti yake ya pekee, anaongea kama sisi. Basi akatumia sauti yake ileile ya kuombea chumvi kwa jirani. Ikamponza. Akiuliza bei ya nyanya sokoni, watoto wanajificha nyuma ya mama zao. Yeye anacheka.

"Mimi nalipwa kwa kuchukiwa," alimwambia binti yake, ambaye ni msusi. "Wenzangu wanachukiwa bure."

Mnaikumbuka desturi ya kipindi kile. Katuni ikiisha, watoto walipiga simu kutoa hukumu. Leo nani kakosea? Kila wiki jibu likawa lilelile: Nguchiro. Hata siku Kobe alipomwaga uji kwa uzembe wake mwenyewe, watoto walisema Nguchiro ndiye aliyemchekesha.

Kisha ikaja sehemu ya mvua kubwa. Wanyama wanakimbilia nyumba ya Nguchiro, wanagonga mlango. Ndani, boriti ya paa imepasuka. Nguchiro ameiegemeza begani, na kwa mguu anausukuma mlango usifunguke. "Nendeni kwingine!" anafoka. Basi, sehemu ikaishia hapo. Boriti ilionekana wazi, wasikilizaji wapendwa. Haikufichwa.

Simu zikaanza kuita. Mchoyo. Hana huruma. Na yeye anyeshewe. Mtayarishaji akaona aongeze maneno ya kuwaelewesha watoto. Mama yetu alikuwa ameketi pembeni, mikono mapajani, anasikiliza.

"Waache," akasema. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Atatokea mmoja atakayeiona boriti."

Simu zikaisha. Hakutokea.

Miaka ikapita, katuni ikabaki ya marudio. Msusi akarudi kuishi kwa mama yake, pamoja na binti yake mdogo. Jioni moja mtoto alikuwa anatazama katuni, na bibi yake akamwita kutoka jikoni aje kula. Mtoto akaitazama televisheni. Akautazama mlango wa jikoni. Sauti ni moja.

Tangu hapo hakutaka kuogeshwa na bibi, wala kulala upande wake wa kitanda. Msusi alimgombeza, akambembeleza, akamweleza kuwa ile ni kazi tu. Haikusaidia.

"Mama akaacha kuongea ndani ya nyumba," msusi alituambia. "Akitaka kumwita mjukuu wake, anapiga makofi."

Halafu koo likaugua, sauti ikaondoka kweli. Na hapo ndipo mtoto alipomsogelea. Akamletea maji. Akamchana nywele, kama amwonavyo mama yake akifanya. Alimpenda bibi yake asiye na sauti.

"Mama alikuwa anatabasamu," msusi alisema, "halafu anageukia ukutani."

Hivyo ndivyo alivyotutoka.

Jana jioni, viti vya waombolezaji vikiwa bado uani, televisheni ilirudia ile sehemu ya mvua. Msusi alitaka kuizima. Mtoto akamshika mkono. Akatazama mpaka mwisho. Kisha akasema, polepole:

"Mama, paa lilikuwa linaanguka. Bibi aliwazuia wasiumie."

Akaomba simu, apige kutoa hukumu. Msusi akamweleza kuwa ile laini ilikatwa zamani.

"Sasa nani atamwambia?"

Asubuhi msusi akatupigia sisi.

Mjukuu wa Bibi Nguchiro, kama unatusikiliza, simu yako imefika. Tumeisoma hukumu yako hewani, nchi nzima imesikia. Kumwambia yeye, hilo hatuliwezi, mwanetu.

Kwa msusi, kwa mtoto, na kwa wote walioketi naye studio, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, usiku huu mfikirieni yule mliyekwisha kumhukumu, mtu ambaye akifunga mlango hamuulizi kuna nini ndani. Muulizeni angali anaweza kujibu.

Alisema atatokea mmoja. Ametokea, na kaburi bado bichi.