Upi Hapa Ni Mpunga?

Benchi la kibanda cha chai cha Tota, pale darajani, limetengenezwa kwa ajili ya watu wawili, na kila asubuhi hukaliwa na watatu wanaolima mpunga kwa mdomo. Yupo Sobhan, anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Yupo Hatem, anayeitwa Hakimu, ambaye tangu azaliwe hajakubali kushindwa. Na yupo Moksed, ambaye asubuhi hiyo chai ilipoa mkononi mwake. Shamba lake ndilo chakula cha watu saba kwa mwaka mzima, na mpunga ulikuwa umedumaa, umegeuka njano, huku magugu ya shama yakiupita kwa shubiri nzima. Mwaka huu aliwaachisha wanawake wa palizi. Benchi lilimwambia ni aibu mwanamume mzima kung'olewa majani na wanawake, basi akapalilia mwenyewe siku nne, mgongo ukimwuma.

— Ni bata wa jirani yako, alisema Redio. Wanakula mbegu kwake, wanakuja kunya kwako.

— Redio, leo una mawimbi mabovu, alisema Hakimu. Shama imeletwa na mafuriko. Huko juu ya mto wanaipanda makusudi.

— Makusudi ya nini?

— Ili tununue mchele wao.

Redio hakukubali kupitwa. Alisema ameiona setilaiti juu ya shamba la Moksed mara mbili, na mara zote ilipunguza mwendo. Hakimu akajibu kwamba tatizo ni mbolea ya yuria ya siku hizi, ina akili, inachagua pa kwenda.

— Nimemwaga mifuko miwili, alisema Moksed. Kilichonenepa ni shama.

— Umeona? alisema Hakimu, kama mtu aliyekwisha kutoa hukumu.

Moksed alitamani kuamini. Kosa likiwa la setilaiti, si lake.

Hapo akafika Jorina, mmoja wa wale wapaliliaji walioachishwa, matope hadi viwikoni. Hakuketi, mwanamke haketi kwenye benchi la Tota. Alikuwa na mche mmoja kila mkono.

— Kaka Moksed, nimepita shambani kwako. Upi hapa ni mpunga?

Hakimu aliomba miwani, ambayo alikuwa ameivaa. Redio alizimika. Moksed aliunyooshea kidole mche ulionawiri, kisha kidole kikasita hewani. Alizikumbuka zile siku nne, alivyong'oa kila kilicho kifupi na chembamba.

— Tazama jani linapokutana na bua, alisema Jorina taratibu. Mpunga una kiulimi na vinywele. Shama haina kitu. Inawahi jua, inawahi mbolea, mwenzake anabaki kivulini. Kona ya chini bado inaokoleka, lakini leo. Ikishamwaga mbegu, utailea na mwakani.

Hakimu aliuliza ni nani aliyemwita huyu kwenye mazungumzo ya wanaume. Moksed aliweka kikombe chini, akaukunja msuli aliouvaa hadi magotini.

— Tangulia, dada. Mimi nitakufuata nyuma.

Wakashuka kwenye tuta, mwanamke mbele, mwenye shamba nyuma, kijiji kizima kikiona. Redio alisema ni bata tu wamemchanganya.

Hakimu aliwafuata kwa macho. Naye ana shamba, na mpunga wake mwaka huu umestawi ajabu.

— Tota, alinong'ona, kile kiulimi alisema kiko wapi?